Konokono Mmoja, Mzima

Siku niliporipoti kazini katika shule moja ya msingi huko Uru, mwalimu mkuu alitazama ushungi wangu, akatazama barua yangu ya uhamisho, akautazama tena ushungi, kisha akasema kwa furaha, "Afadhali! Sasa tumepata mtu wa pwani."

Mimi nimezaliwa Moshi mjini. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na babu yangu kabla yake. Bibi mzaa baba alikuwa nusu Msomali, nusu Mnyamwezi. Mama ni Mpare wa Ugweno. Nyumbani kwetu, maji makubwa kuliko yote tuliyowahi kuyaona ni Bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko tulikwenda mara moja tu, kwenye msiba. Lakini mwalimu mkuu alikuwa na hesabu yake: huyu ni Mwislamu, basi ni Mswahili, ni Mswahili, basi ni wa pwani, ni wa pwani, basi bahari anaijua. Ningeweza kumsahihisha palepale. Ila nilikuwa nimepanda mlima kwa miguu, viatu vimejaa tope, na yeye ndiye mtu wa kwanza kunipa kiti siku ile. Nikasema, "Tunashukuru, mwalimu," nikakaa.

Kuanzia hapo ikawa kazi. Walimu wenzangu walinifuata na maswali ya bahari kama wanavyomfuata daktari kwenye sherehe. Je, maji ya bahari huharibu nguo? Papa hula mtu mzima mzima au hummega? Kwa nini watu wa kwenu hupenda nazi hivyo? Nilijibu. Nilijibu kila kitu. Wali wa nazi wenyewe nilijifunza kuupika kwa kusoma nyuma ya pakiti ya tui la unga, lakini nilipoleta sufuria yake siku ya kumuaga mwalimu aliyestaafu, walikula kwa heshima, wakasema huu sasa ndio wali, mkono wa mwenyewe huu.

Niseme ukweli, nilipenda. Nilikuwa mwalimu wa Sayansi wa kawaida, mwenye mwandiko mbaya na sauti ndogo. Bahari ilinipa hadhi.

Sasa shule ile ilikuwa na konokono.

Alikuwa gamba tu, bila mwenyewe ndani, lakini pale shuleni hakuna aliyemwita gamba. Alikuwa konokono. Aliachwa na mwalimu aliyewahi kufundisha Lindi, ambaye wakati wa kuhama aliona lile gamba lina kona nyingi mno kufungashwa. Lilikuwa kubwa kama kiganja cha mwanamume kilichokunjuliwa. Mgongoni lilikuwa na vinundu, mwisho mmoja limejiviringisha kuwa mnara mfupi, na upande wa pili ukingo wa mdomo wake ulikuwa umepanuka na kutoa vidole virefu, vitupu ndani, vilivyopinda juu kama vya mtu anayeomba kura. Nilikuja kujua baadaye kwamba watu wa pwani, wale wa kweli, humwita kome. Sisi tulimwita konokono wa vidole.

Mwalimu mkuu alimpenda kuliko kitu chochote cha shule. Alimfungia kabatini mwake, rafu ya juu, kati ya mhuri na mpira mpya ambao haukuwahi kuchezwa kwa sababu ungechakaa. Ufunguo wa kabati aliufunga kwenye kamba moja na filimbi, shingoni. Fundi alipokuja kutengeneza madawati, mwalimu mkuu alimwomba apake gamba nalo vanishi, tabaka mbili, likang'aa kahawia kama jeneza la mtu mwenye uwezo. Na katika kitabu cha vifaa aliandika kwa mkono wake: *Konokono wa baharini, mmoja, dume, mzima.* Dume, alinieleza, kwa sababu ya ukakamavu wa vile vidole. Mzima, maana hajavunjika.

Afisa wa elimu wa kata alipokuja kukagua, alisoma ukurasa ule taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Mzima?" akauliza. "Mnamlisha nini?"

Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kumkosoa aliye juu yake.

"Kwa sasa hali, mheshimiwa," akasema.

Afisa akatikisa kichwa, akaandika pembeni: *Lishe ya konokono izingatiwe.* Akagonga mhuri. Kuanzia siku ile ule ukurasa ukawa haugusiki.

Mara moja kwa mwaka, darasa la sita lilipofika kwenye mada ya wanyama wasio na uti wa mgongo, konokono alitolewa. Mwalimu mkuu alimleta mwenyewe, juu ya sinia, amefunikwa kitambaa cha kufuma. Watoto walisimama, wakapita kwa mstari hatua mbili kutoka mezani, mikono nyuma. Nilikuwa na dakika kumi na tano. Baada ya hapo sinia liliondoka, na mlango wa kabati ulisikika ukifungwa hadi darasani.

Katika dakika hizo kumi na tano nilifundisha bahari. Kitabu cha kiada kilisema tu kwamba konokono wa baharini huishi baharini, jambo ambalo hata mimi niliona halitoshi. Kwa hiyo niliongeza. Niliwaambia anaishi kwenye miamba ya kina kirefu, gizani, ameng'ang'ania mwamba kwa vile vidole saba ili mawimbi yasimchukue, akivizia samaki wadogo. Sijui nilikitoa wapi. Nadhani nilitazama vidole nikajiuliza vingekuwa vya nini, nikajijibu. Mwaka wa pili nikaongeza dhoruba. Walimu wengine walikuja kusimama dirishani kusikiliza.

Mwaka wa nne nikatunga swali la mtihani wa muhula. *Kwa kuzingatia kielelezo ulichokiona: (a) Taja sifa tatu za gamba la konokono huyu. (b) Yaja makazi yake.* Niliandika "yaja" badala ya "taja", na hakuna aliyeniambia. Majibu niliyoyataka yalikuwa haya: linang'aa, lina rangi ya kahawia, lina vidole saba, anaishi kwenye miamba ya kina kirefu.

Darasa zima walijibu hivyo. Nilikuwa nasahihisha chini ya mgomba nyuma ya ofisi, nagonga vema, vema, vema, najisikia mwalimu bora wa wilaya. Kisha nikafika kwenye karatasi ya msichana mmoja aliyekuwa akikaa dawati la nyuma karibu na mlango, mtoto mwembamba, mkimya, asiyeinua mkono hata akijua. Yeye aliandika:

*(a) 1. Lina vidole sita. Kile cha saba siyo kidole ni mdomo mrefu kama birika. 2. Ukingoni karibu na mdomo lina pengo dogo kama la kuchungulia. 3. Limepakwa vanishi. (b) Anaishi kwenye kabati la mwalimu mkuu, rafu ya juu, karibu na mpira.*

Nilicheka mpaka nikaegemea mgomba. Nikagonga kosa nne kwa wino mwekundu, nikaenda na karatasi kwenye ofisi ya walimu niwachekeshe wenzangu. Walicheka. Mwalimu wa Kiswahili aliisoma kwa sauti mara mbili. Bahati mbaya mara ya pili mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

Hakucheka. Alichukua karatasi, akasoma, akashika ule ufunguo shingoni.

"Rafu ya juu," akasema. "Karibu na mpira. Huyu mtoto ametumwa."

"Mwalimu, ni mtoto tu," nikasema. "Wiki iliyopita alikuwa na zamu ya kufagia ofisi, labda alikuta kabati wazi."

"Ndiyo maana nasema ametumwa. Leo ni konokono, kesho watauliza kwa nini mpira hauchezwi."

Akaandika barua kwa mzazi, akaigonga mhuri. Nilibahatika kuiona nakala: *Unatakiwa kufika shuleni bila kukosa kuhusu suala la makazi ya konokono.*

Mama yake alifika kesho yake saa nne asubuhi. Alikuwa anauza maharage soko la Kiboriloni, na alikuwa amemwachia jirani biashara ili apande huku juu, kwa hiyo hakuja na sura ya kupoteza muda. Kitambaa kichwani, aproni bado kiunoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Kaa."

"Nashukuru, nitasimama. Nimeambiwa kuna konokono."

Mwalimu mkuu alimweleza kirefu. Alizungumzia nidhamu, mali ya umma, siri za ofisi. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba karatasi. Alisoma swali, akasoma majibu, akarudi kwenye swali.

"Hapa wameandika, kwa kuzingatia ulichokiona."

"Ndiyo."

"Huyo konokono mnaye? Naomba nimwone."

Mwalimu mkuu alinitazama. Nami nikamtazama. Akavua ile kamba shingoni, akafungua kabati. Konokono alikuwa pale pale, rafu ya juu, karibu na mpira.

"Yesu na Maria," akasema mama. "Sasa mtoto kakosea wapi?"

"Mama, huyo hapo amehifadhiwa," mwalimu mkuu akasema. "Makazi yake halisi ni bahari. Madam huyu ndiye mtaalamu. Yeye ni mtu wa pwani."

Mama akanigeukia. Alikuwa na macho makini ya mtu anayepima vitu kila siku.

"Mwalimu, wewe umemwona huko anakoishi?"

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Palikuwa wazi kabisa, kama mlango.

"Nimemwona," nikasema. "Mara nyingi."

"Mtoto kanieleza. Kwenye miamba, chini sana, gizani."

"Ndiyo."

"Ulimwonaje?"

Mwalimu mkuu akakohoa, akasema muda wa kipindi umefika. Mama alikunja karatasi ya mwanawe, akaitia kwenye aproni, akasema atarudi Ijumaa kuchukua jibu. Alipotoka alinipita karibu. Alinukia maharage makavu na vumbi la magunia, na mimi nikajiona nimekuwa mdogo kuliko binti yake.

Jioni ile nilimpigia simu mjomba wangu, binamu ya mama, aliyekwenda Tanga kijana kutafuta kazi na kuishia kuwa karani wa uvuvi hadi kustaafu. Ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyekuwa na bahari karibu, na katika miaka minne ya utaalamu wangu sikuwahi kufikiria kumuuliza. Nilimtumia picha ya konokono niliyowahi kupiga siku alipotolewa darasani.

"Huyu kome," akasema. "Lakini kafanywa nini? Mbona kahawia hivi?"

"Vanishi."

"Vanishi! Mama yangu, kome nje hana rangi ya maana. Mweupe mweupe, ana madoa ya udongo, tena akiwa hai huoni hata hayo maana mgongo wote umeota majani na uchafu. Kunakong'aa ni ndani ya mdomo. Kule ndiko utadhani vigae, kuna waridi, kuna rangi ya chungwa."

Nikaandika.

"Na anaishi wapi, mjomba? Kwenye miamba ya kina kirefu?"

Alicheka. Nilimsikia akimwambia mtu pembeni yake, kisha yule naye akacheka.

"Kina kirefu cha nini? Maji yakipwa unamfuata kwa miguu, hayafiki goti. Anakaa kwenye mchanga, kwenye majani ya bahari, penye vipande vya matumbawe yaliyokufa. Anakula ukungu ukungu wa mwani. Hana shida na mtu."

"Na samaki?"

"Samaki gani? Huyo anatafuna majani kama mbuzi wenu wa huko."

"Vidole vyake ni saba?"

"Sita. Ule wa mbele siyo kidole, ni mfereji, anapitishia mrija wake wa maji. Na akiwa mdogo hana kidole hata kimoja, unaweza kudhani ni mnyama mwingine. Vinaota akishakua. Hebu niambie, vya huyo wako vimekaaje? Vifupi au virefu vimepinda juu?"

"Virefu, vimepinda juu."

"Basi huyo jike."

Nikakumbuka kitabu cha vifaa, nikafumba macho.

"Mjomba, kuna pengo dogo ukingoni, karibu na huo mfereji."

"Umeliona!" Akafurahi kweli. "Watu wengi hawalioni. Pale ndipo anapotolea jicho. Macho yake yana vikonyo. La kulia anachungulizia hapo, huku mwili wote umebaki ndani. Hodari wewe, una jicho."

Sikumwambia jicho lilikuwa la nani.

Alhamisi paliitishwa kikao cha dharura cha walimu. Nilisimama nikasema nimefanya uchunguzi zaidi, na kwamba majibu niliyoyatoa kwenye mwongozo wa kusahihisha yalikuwa na upungufu. Nilisema hivyo, "upungufu". Ukweli ni kwamba yote yalikuwa uongo na vanishi. Nikasema kati ya wanafunzi wote, yule binti peke yake ndiye aliyejibu sifa za gamba sawasawa. Sikusema nilikosea kwa sababu sijawahi kuiona bahari. Nilisema bahari ni kubwa, na tabia za konokono hutofautiana kutoka pwani hadi pwani. Walimu walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alisema hata mahindi ya Uru na ya Kibosho hayafanani.

Kifungu cha (a) kikapita. Kifungu cha (b) ndicho kilichokula saa mbili.

Mwalimu wa Kiswahili alisema makazi ni mahali mtu anapokaa; konokono anakaa kabatini tangu kabla yeye hajaajiriwa; kwa hiyo kwa upande wa lugha mtoto yuko sahihi. Mwalimu wa dini akapinga. Alisema aliyekufa hana makazi, ana kaburi, hivyo mtoto alipaswa kuandika kwamba konokono amezikwa kwenye kabati la mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alisema hatakubali ofisi yake iitwe makaburini. Mwalimu wa Hisabati aliuliza kama tunaweza kumpa mtoto nusu, akaulizwa nusu ya kabati au nusu ya bahari, akakaa.

Mwishowe tulipiga kura kwamba konokono ni marehemu. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, niliandika kwa mkono wangu: *Kikao kimeridhia kuwa konokono ni marehemu.* Hapo mwalimu wa dini akauliza, basi kitabu cha vifaa kitarekebishwa? Kule ameandikwa mzima.

"Ule ukurasa umegongwa mhuri wa kata," mwalimu mkuu akasema.

"Na dume?" nikauliza. "Maana nimeambiwa ni jike."

"Madam." Aliinua kiganja. "Nimesema umegongwa mhuri."

Ikaamuliwa kwamba swali zima lifutwe, na kila mwanafunzi apewe alama zote za swali hilo, ili asionewe mtu. Tulipiga makofi, tukanywa chai.

Ijumaa yule mama alipopewa jibu hili alilisikiliza kwa utulivu.

"Kwa hiyo wote wamepata?"

"Wote, mama," mwalimu mkuu akasema. "Na binti yako amepata."

"Walioandika uongo wamepata, na wangu amepata."

"Kwa usawa."

"Basi mwambieni mtoto mwenyewe," akasema. "Mimi sitaweza kumweleza." Akaaga, akashuka sokoni.

Siku mbili sikulala vizuri. Yule mwalimu wa dini, ambaye nilidhani ni mtu wa mzaha tu, ndiye aliyenivuta pembeni Jumatatu. Alisema kwao hapo, mtu akikosa kweli, huchuma jani la isale akalipeleka kwa aliyemkosea. Likishapokewa, maneno yamekwisha. Akanionyesha lilipoota, ukingoni mwa shamba la shule. Nikachuma, nikalifunga fundo kama alivyonielekeza, nikaenda nalo mkononi nimevaa baibui, nikipita katikati ya vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za watu, na kila niliyempita akasimama kutazama.

Mama alikuwa uani anamenya ndizi za mtori. Binti alikuwa kando yake akiosha nyanya. Nilinyoosha lile jani kwa mikono miwili. Mama alilitazama, akanitazama, akaangua kicheko.

"Isale! Mtu wa pwani ameniletea isale!"

"Mimi siyo wa pwani, mama," nikasema. "Ni wa Moshi mjini. Nimesoma Moshi, nimekulia Moshi. Bahari sijawahi kuiona hata siku moja."

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimesema, na sikufa. Basi nikamgeukia binti. Nikamwambia majibu yake matatu yalikuwa sahihi, yangu yalikuwa ya kubuni; kwamba lile pengo ni la jicho; kwamba nimemkosea kwa kalamu nyekundu na kwa kumcheka. Alisikiliza huku anapangusa nyanya moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hujawahi kwenda."

"Ulijuaje?"

"Kila ukisimulia bahari, husemi inanukaje."

Mama akamwambia anyamaze, amheshimu mwalimu. Lakini jani alilipokea, akaliweka juu ya kinu, akanikaribisha mtori. Tulipokuwa tunakula binti akauliza, kwa adabu kabisa, "Sasa si uende, mwalimu? Likizo ni ndefu."

Kesho yake nilisoma majibu yake mbele ya darasa la sita, moja moja, na nikawaambia wafute miamba yangu kwenye madaftari. Walifuta kwa huzuni. Waliipenda ile dhoruba.

Likizo ya Desemba nikaenda Tanga.

Mke wa mjomba ndiye aliyenipeleka ufukweni, asubuhi, maji yamekupwa mbali mpaka ikaonekana bahari imehama. Wanawake wengine wawili wa jirani walikuwa naye, wana ndoo. Mmoja alinitazama nilivyokuwa nimeshika viatu na baibui kwa hofu, akauliza, "Huyu mgeni wa wapi?"

"Mchagga," akasema mke wa mjomba. "Mshikeni mkono asianguke."

Ilinuka. Ilinuka vitu vingi, chumvi na majani yaliyooza na kitu kama chuma kilicholowa, na nilitembea nikiivuta harufu hiyo kwa pua ili nisiisahau. Chini ya nyayo kulikuwa na mchanga laini, kisha majani marefu ya kijani yaliyolala, kisha vipande vya matumbawe vinavyochoma. Nilikaza macho kila mahali nikitafuta vidole sita. Niliona mawe. Nikaona mawe mengine. Mbele ya hatua zangu kulikuwa na jiwe lenye manyoya ya kijani, nikalikanyaga kujiinua.

"Umemkanyaga!" mke wa mjomba akapiga kelele.

"Nani?"

"Kome wako!"

Aliingiza mkono, akamtoa. Mgongo ulikuwa umejaa mwani na matope, vidole vimefunikwa, hata ukionyeshwa humwoni. Alipomgeuza, ule mdomo ukang'aa waridi mbichi, umelowa, kama ndani ya shavu la mtoto. Akamweka mchangani kwenye maji ya kifundo, akaniambia nisimame kimya.

Tulisimama muda. Mgongo uliniuma kwa kuinama. Kisha kwenye lile pengo likatoka jicho. Lilikuwa juu ya kikonyo, na lilikuwa jicho hasa, lenye duara ndani ya duara, likanitazama. Sikujua konokono anaweza kumtazama mtu. Halafu, badala ya kutambaa kama konokono wa migombani, akatoa kitu kama kucha nyeusi chini, akakikita mchangani, akaruka. Hatua fupi, ya ovyo, kama mtu anayesukuma kabati peke yake. Akapumzika. Akaruka tena. Mimi nilipiga ukelele, na wale wanawake wakacheka hadi mmoja akaangusha ndoo.

"Huko kwenu kweli hakuna kitu," akasema.

Muhula ulipofunguliwa, nilimwomba mwalimu mkuu konokono akae mezani darasani wiki nzima, watoto wamshike. Alizunguka ofisi mara mbili, kisha akakubali, kwa masharti ya kunawa mikono. Siku ya tatu kidole kimoja kilivunjika. Nilikwenda ofisini kutoa taarifa. Mwalimu mkuu akafungua droo, akatoa gundi, akakiunganisha mwenyewe huku amekunja uso kama fundi saa. Hakuandika mahali popote. Alipomaliza aliniuliza, akitazama pembeni, hivi ni kweli anaruka?

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Kiboriloni, nikamkuta yule mama nyuma ya magunia yake, na binti yake akichambua mawe kwenye ungo. Niliwaonyesha kwenye simu video ya kome niliyoipiga kule ufukweni. Binti aliitazama mara nne, akiirudisha kila mara pale jicho linapotoka. Alisahau ungo.

Mama aliitazama mara moja.

"Na huyu analiwa?"

"Analiwa. Mke wa mjomba aliwapika kwa nazi."

"Ukala?"

"Nikala."

"Anafanana na nini?"

"Firigisi," nikasema. "Ila firigisi iliyokasirika. Ukimchemsha saa nzima bado anakurudisha meno. Hata maharage yanaiva kabla yake."

"Maharage gani?" Akasimama. "Maharage yangu? Maharage yangu yanaiva upesi, muulize mtu yeyote hapa sokoni. Umeshawahi kuyapika?"

Nikakiri kwamba bado.

"Basi usiyaweke kwenye mfano," akasema, akachukua kisado, akanijazia mpaka yakawa yanamwagika, na akaniamuru niyaloweke usiku huohuo.